Mkopo wa Kausha Damu: Sigara, Chupa na Akili ya Mwanafunzi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wapya, wazazi na wahadhiri siku ya mwisho ya wiki ya utangulizi, mjini Morogoro. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano huu, waheshimiwa wahadhiri, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wazazi wangu mliosafiri usiku kucha ili kuwasindikiza watoto, na ninyi wenyewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza: Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote ambao salamu hizo hazikuwafikia, habari za mchana.

Kabla sijaanza nirekebishe jambo moja. Kwenye ratiba nimeandikwa kuwa ni daktari. Wanafunzi nao wananiita Dokta, nami nimechoka kuwakatalia. Mimi ni muuguzi niliyesomea afya ya akili, na kwa miaka mingi nimekaa katika chumba cha mwisho cha zahanati ya wanafunzi, kile chenye pazia la kijani, ambacho watu hupita mbele yake mara tatu kabla ya kupata ujasiri wa kugonga.

Nilipoalikwa niliombwa nizungumzie madhara ya sigara na pombe. Nikakumbuka hotuba za namna hiyo ambazo sote tumezisikia tangu shule ya msingi: mapafu meusi, ini lililoharibika, na mlevi aliyelala mtaroni. Ninawauliza: je, kuna mmoja kati yenu asiyejua kwamba sigara inadhuru? Imeandikwa kwenye paketi yenyewe. Basi sitawapotezea muda kwa kuwaambia mnachokijua. Nataka tujiulize swali ambalo kwenye paketi halijaandikwa. Kijana aliyefaulu kidato cha sita, ambaye kijiji kizima kilimchangia nauli, anavuta na kunywa ili atibu nini?

Narudia: atibu nini?

Nauliza hivyo kwa sababu wanaoingia chumbani kwangu huja na maelezo ya aina moja. Kichwa kinauma. Silali. Moyo unanienda mbio nikiingia kwenye chumba cha mtihani. Ninasoma ukurasa mmoja saa nzima na haushiki. Katika miaka yote hiyo sijampokea hata mmoja aliyefungua mlango akisema, "Nina sonona." Neno hilo huwa nalitoa mimi, na nikilitoa huwa naangaliwa kana kwamba nimetukana. Huzuni ya siku mbili baada ya kufeli jaribio haiitwi sonona. Lakini moyo unapokuwa mzito karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na mambo uliyoyapenda yakakosa ladha, na usingizi au hamu ya kula vikavurugika, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 25, yaani katika umri huu huu mlio nao, na huo ndio umri ambao wengi hujaribu sigara ya kwanza na chupa ya kwanza. Mambo hayo mawili yakikutana katika chumba kimoja cha hosteli, moja hujidai kuwa dawa ya jingine.

Niwape kisa cha kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa ili hata anayelala naye chumba kimoja asimtambue. Kijana huyu alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na mjomba wake aliyemlipia ada alikuwa akimtumia ujumbe kila Jumapili jioni: "Masomo yanaendaje?" Usiku wa manane kabla ya sapu ya kwanza alitoka hadi kwenye kibanda kilicho nyuma ya hosteli, pale ambapo kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ili kisiondoke na mteja, akanunua sigara moja, ya rejareja. Aliniambia, "Dokta, ile ya kwanza ilinituliza kweli." Nami nilimwamini, na bado ninamwamini. Kufikia mwisho wa semista alikuwa anavuta kumi na mbili kwa siku, na jina lake la utani lilikuwa limejaza kurasa mbili za daftari la madeni la mwenye kibanda.

Sikumhubiria. Nilimpa karatasi nikamwambia, "Wiki hii vuta unavyovuta. Ila kila unapohisi msongo wa mawazo unakujia, andika saa. Sababu usiandike." Alhamisi iliyofuata alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, inanuka moshi, ina safu za saa kwa mwandiko mdogo: saa moja asubuhi, saa tatu na robo, saa tano, saa saba kasoro, saa tisa. Kila siku hivyo hivyo, hata Jumamosi ambayo hakuwa na kipindi. Nikamuuliza, "Mjomba wako anaandika mara moja kwa wiki. Sapu zako zilikwisha mwezi uliopita. Huu msongo unaokuja kila baada ya saa mbili, mwenye ratiba kama basi la mkoani, ameutuma nani?"

Alikaa kimya muda mrefu.

Ndugu zangu, nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde zisizozidi 20. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imekwisha kuondoka kwenye damu, na ubongo uliokwisha kuizoea huanza kudai: mtu hukosa utulivu, huwa mwepesi wa hasira, hushindwa kukaza mawazo, na wasiwasi humwingia bila sababu. Mtaani mnaiita arosto. Sasa angalieni ujanja wake. Dalili za arosto zinafanana mno na dalili za msongo wa mawazo, kiasi kwamba mwenyewe hawezi kuzitofautisha. Anavuta, arosto inaondoka, anasema sigara imemtuliza, kumbe imemwondolea shida ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyomletea.

Mikopo ya kausha damu mnaijua, na wengine mmeiona ikiingia majumbani mwenu. Mama anakopa laki moja leo, kesho yake asubuhi anaanza kurejesha, na wiki haijaisha anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Ukimuuliza atakwambia yule mkopeshaji ndiye anayemsaidia. Sigara inakukopesha utulivu ambao ulikuwa wako mwenyewe, kisha inakutoza riba kila baada ya saa mbili.

Msidhani haya ni maneno ya mzee asiyewapenda vijana. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 26 za watu walioacha kuvuta na wale walioendelea. Walioacha walionekana kupungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo kuliko walioendelea, na tofauti hiyo haikuwa ndogo kuliko ile inayoletwa na dawa za sonona zenyewe. Nilipomsomea yule kijana habari hiyo aliniuliza swali zuri: "Mbona mimi nikikaa siku mbili bila kuvuta nakuwa kama kichaa?" Ni kwa sababu siku tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote, na makali yake hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Wengi hukata tamaa siku ya pili, wakaondoka na ushahidi wa uongo kwamba bila sigara hawawezi kuishi. Ndiyo maana sikushauri uanze kuacha usiku wa kuamkia mtihani. Chagua siku, mwambie mtu mmoja, na uje tukupitishe hizo siku tatu.

Nisisahau shisha, maana najua mnaponiona ninashambulia sigara wengine mnatabasamu. Maji yale yanapoza moshi, hayauchuji. Nikotini ni ile ile, na nchi hii ilipoipiga marufuku mwaka 2016 haikuwa kwa sababu ya harufu ya matunda.

Sasa nije kwenye chupa, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini zaidi kuliko watoto.

Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza aliyefiwa na baba yake katikati ya semista. Alikwenda kuzika, na siku ya nne alikuwa amerudi kwa sababu kulikuwa na jaribio. Hakukaa matanga. Hakuna mhadhiri aliyejua, kwa kuwa hakumwambia mtu, na hakuna mtu aliyemuuliza. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka, wenzake wakamchukua, kwa nia njema kabisa, wakamwambia, "Kunywa, dada, usahau kidogo." Usiku ule alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Je, ninyi mngekuwa yeye, kesho yake mngefanya nini?

Alianza kununua mwenyewe. Mvulana akilewa chuoni anachekwa, na asubuhi anasimuliwa vituko vyake kama shujaa. Msichana akinywa anahukumiwa. Kwa hiyo binti huyu alinywa akiwa amefunga mlango, kwa ile chupa ya maji yenye kifuniko cha waridi ambayo wasichana huenda nayo darasani, na hata aliyekuwa jirani yake ukutani hakujua. Alikuja kwangu akilalamikia kuamka alfajiri moyo ukidunda kama amekimbizwa. Nyumbani walikwisha kuamua kwamba ni pepo, na tayari alikuwa amepelekwa mahali pawili kuombewa. Sibezi dua ya mtu yeyote. Ila pepo yule alikuwa anaondoka kwa ratiba na kurudi kwa ratiba, na ratiba zilizokuwa na tabia hiyo nilikuwa nimekwisha kuziona.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo nao, kwa kujitetea, huongeza mwendo upande wa pili. Pombe inapokwisha mwilini, kwa kawaida alfajiri, ule mwendo uliozidishwa hubaki peke yake bila breki. Hapo ndipo moyo unapodunda, jasho linapotoka, na hofu isiyo na jina inapomwamsha mtu. Na ule usingizi aliodhani ameununua haukuwa usingizi kamili, kwa kuwa pombe hupunguza usingizi wa ndoto na kuukatakata ule wa nusu ya pili ya usiku. Anaamka amechoka na ana hofu. Halafu rafiki anamshauri azimue: anywe kidogo asubuhi ili akae sawa. Kuzimua, wanangu, ni kwenda kwa mkopeshaji wa pili.

Na kwa wale wanaosema wao wanakunywa bia tu, tena wikiendi tu, tupige hesabu pamoja, ninyi mnaosoma sayansi mnisahihishe. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala haliharakishwi kwa supu, kahawa au maji ya baridi. Ukinywa chupa nne kati ya saa nne na saa sita usiku umeweka gramu 80, na mtihani ukianza saa mbili asubuhi kuna uwezekano kwamba wewe unajibu maswali huku ini lako bado linafanya kazi ya jana.

Kilichomsaidia yule binti hakikuanza na pombe. Nilimwuliza habari za baba yake. Nilimwuliza tu, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Akaniambia alikuwa fundi baiskeli, kwamba mikono yake ilinuka grisi hata siku ya Idi, na kwamba alikuwa akimpigia simu kila bumu linapotoka kumuuliza kama amekula nyama. Alizungumza zaidi ya saa moja, akalia kilio alichostahili kukilia miezi mitano nyuma. Baada ya hapo nilimpeleka hospitali kwa daktari, akaanzishiwa dawa, na tukamweleza wazi kwamba dawa ya sonona kama amitriptilini haichanganywi na pombe, kwa maana zote mbili zinaleta usingizi na zikikutana zinaweza kumzidi mtu nguvu. Na niseme hapa kwa sauti: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake chumbani. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Waheshimiwa viongozi, tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, ile ya mifuko ya plastiki iliyokuwa ikiuzwa bei ya chapati mbili. Nililiunga mkono katazo lile na ninaliunga mkono leo. Lakini ninyi nyote ni mashahidi kwamba viroba vilipoondoka, vichupa vidogo vilikaa kwenye rafu ile ile. Tunaweza kufukuza kibanda nyuma ya hosteli, na pengine inafaa. Ila yule mwenye usiku mrefu atatembea hadi kibanda kinachofuata. Hapa Morogoro tumbaku inaletwa kusindikwa kutoka mikoa mingine. Hatuwezi kujenga ukuta wa kuizuia isimfikie mtoto.

Sasa nizungumze habari zangu, maana ni vibaya kutangaza visa vya wengine tu. Mwaka 1998 nilikuwa chuoni nasomea uuguzi. Tulikuwa wanne chumbani. Mwenzetu mmoja, aliyetuzidi sote kwa akili, alianza kunywa kila jioni, kisha akaanza kukosa vipindi, kisha akaacha kuoga. Na sisi tulikuwa na utani wetu. Tukimkuta amekaa gizani tunamwambia, "Jiandae, gari la Mirembe linakuja." Kule Zanzibar wangesema Kidongo Chekundu, na Kenya wangesema Mathari, kila nchi imegeuza jina la hospitali yake ya magonjwa ya akili kuwa tusi, halafu inashangaa kwa nini wagonjwa hawaendi. Usiku, alipozidiwa kilabuni, sisi watatu ndio tuliokwenda kumchukua. Tulimbeba. Mimi mwenyewe nimembeba mgongoni mara ambazo sizikumbuki, miguu yake ikiburuza, kiatu kimoja mkononi mwa mwenzetu. Tulijiona marafiki wema sana. Tulimwosha matapishi, tukamlaza ubavu, tukamwekea ndoo.

Hatukumuuliza. Tulijua kumbeba, hatukujua kumuuliza. Wauguzi watarajiwa watatu, tumekariri dalili zote za sonona kwa ajili ya mtihani, na dalili zote zilikuwa zimelala kwenye kitanda cha chini. Siku moja tulirudi kutoka wodini tukakuta godoro lake limekunjwa. Alikuwa ameacha chuo, na mpaka leo sijui yuko wapi. Siku nilipopangiwa mafunzo ya vitendo Mirembe, nilizunguka wodi ya kwanza nikitazama nyuso, nikimtafuta.

Kwa hiyo mnaobebana, endeleeni kubebana, lakini kesho yake, akiwa hajalewa, mkiwa wawili tu, muulize. Usimuulize mbele ya watu, wala usianze na "Kwa nini unakunywa?" kwa sababu hilo ni swali la hakimu. Mwambie ulichokiona: "Naona wiki ya tatu huji kula. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kimya kile kinatisha, lakini kivumilie. Na ukiwa na hofu kwamba anafikiria kujiua, muulize kwa neno lenyewe. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo hilo. Haliko hivyo, na mara nyingi swali hilo humpa nafasi ya kwanza ya kuutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na msiahidiane siri. Mlete, hata kama ni usiku. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 duniani, na pombe huongeza hatari hiyo, kwa kuwa wazo ambalo mtu mkavu angelivumilia hadi kupambazuke, aliyelewa huona hana muda wa kulisubiri.

Wazazi wangu, kuna jambo mtalikuta siku moja: paketi ya sigara kwenye begi la mtoto aliyerudi likizo. Najua kitakachotaka kuwatoka mdomoni, maana hata mimi ni baba. Nawaomba lile la ada mliyouza ng'ombe kulipa liwe la pili. La kwanza liwe swali. Nanyi wahadhiri, kijana aliyekosa vipindi vitatu mfululizo mnaweza kumwandikia sifuri, na kanuni zinawaruhusu, lakini mkinipigia simu kabla ya kuiandika mtakuwa mmefanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya, kwa sababu mimi sina orodha ya mahudhurio.

Nimalizie na utaratibu, kwani kila mwaka huulizwa. Chumba changu ni kile cha mwisho, kushoto ukitoka maabara. Siandiki barua nyumbani, wala sipeleki majina kwenye kamati ya nidhamu. Nikiona maisha ya mtu yako hatarini nitaita msaada, na nitamwambia yeye kwanza. Njoo hata ukiwa unanuka pombe. Njoo hata kama jana ulivuta na juzi uliniahidi kwamba hutavuta. Yule kijana wa karatasi alirudi kwenye sigara mara mbili kabla haijamtoka, na mara zote mbili alikuja Alhamisi yake kama kawaida.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakuwa pale nje chini ya mwarobaini mpaka saa kumi na moja, na mwenye swali ambalo asingependa lisikike kwenye kipaza sauti anifuate huko. Asanteni sana.